Usifungie sumu ndani ya nyumba kwa kuogopa baridi

MSIMU wa gathano unapoingia, hakuna mkazi wa Nyeri anayehitaji kukumbushwa kufunga dirisha. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huuficha mlima, jua huonekana kwa saa chache au lisionekane kabisa, na manyunyu huwarudisha watu nyumbani mapema. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi, kupita mita 1,900. Kwa hivyo mlango hufungwa, tambara husukumwa chini yake ili upepo usipenye, na jiko la makaa huletwa katikati ya chumba.

Katika nyumba hizo hizo, siku hizi kuna kazi nyingine inayoendelea. Mama anatengeneza hereni na vishikio vya funguo vya kuuza kanisani na kazini. Kijana aliyemaliza chuo anamimina meza ndogo yenye mto wa buluu uliopita katikati ya ubao wa saipresi au mukima. Mwalimu aliyestaafu anapaka vanishi viti alivyovirekebisha mwenyewe. Wote wanatumia resini, gundi, thina au vanishi, na wengi wao wanazitumia ndani ya chumba wanacholala na kupikia.

Mpenzi msomaji, kazi ya mikono ni jambo jema, na katika uchumi huu mgumu anayejitafutia riziki kwa ufundi wake anastahili kupongezwa. Lakini nasema bila kuzunguka: kazi ya resini, gundi ya mbao au vanishi haifai kufanywa katika chumba cha kulala wala jikoni, na katika chumba chenye jiko linalowaka ni sawa na kuchezea uhai. Nasema pia kwamba muuzaji anayepima dawa hizi katika chupa za soda zisizo na lebo anauza ugonjwa, nasi tunaonunua bila kuuliza tunamsaidia kuuza.

Resini ni kitu gani?

Waswahili wameijua resini tangu zamani, ila waliiita sandarusi. Ule ulikuwa utomvu mgumu wa miti uliochimbwa ardhini katika mrima wa Tanganyika, ukapitia Zanzibar katika karne ya 19, na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani, hasa mji wa Salem, ili kutengeneza vanishi ya magari ya farasi na fanicha. Sandarusi ilitoka kwa mti. Resini za leo zinatengenezwa viwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli, na tabia yake ni nyingine kabisa.

Aina mbili ndizo zinazoingia nyumbani zaidi. Ya kwanza ni epoksi, iliyobuniwa katika miaka ya 1930 na 1940 na wanakemia wawili waliofanya kazi kila mmoja kwake, Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Hii huuzwa katika chupa mbili: moja ya resini yenyewe na nyingine ya dawa ya kugandisha. Zikichanganywa, zinapambana na kuungana, zinatoa joto, na baada ya saa kadhaa huwa ngumu kama kioo. Aina ya pili ni poliesta, ile inayotumiwa na mafundi wa matangi na bodi za magari pamoja na vitambaa vya nyuzi za kioo. Hii ina harufu kali kwa sababu ya kemikali iitwayo staireni, na hugandishwa kwa matone machache ya peroksidi.

Tofauti hii ni muhimu kwako. Poliesta hukuonya kwa harufu. Epoksi nyingi hazinuki sana, na hapo ndipo mtu anapodanganyika akadhani kuwa hazina madhara. Pua si kipimo cha sumu. Hata maandishi yanayosema kuwa resini fulani haina sumu, mara nyingi yanahusu kitu kilichokwisha kuganda kabisa. Kabla ya kuganda, ni kemikali inayotafuta kitu cha kushikamana nacho, na ngozi yako ni mojawapo ya vitu hivyo.

Ngozi haisahau

Ugonjwa mkubwa wa epoksi ni mzio. Siku ya kwanza mtu hupakaa vidoleni, akapangusa, na asione lolote. Wiki ya pili vilevile. Mwezi wa tatu, au hata mwaka wa pili, vidole vinaanza kuwasha, ngozi inakuwa nyekundu, vipele vyenye maji vinatokea, kope zinavimba. Anafikiri ni sabuni mpya, au baridi, au chakula. Ananunua mafuta dukani. Kumbe mwili wake umekwisha kuijua kemikali ile na kuichukia, na kwa kawaida chuki hiyo hudumu maisha yote.

Aliyepata mzio wa namna hii huenda asiweze tena kufanya kazi hiyo, hata akivaa glavu, kwa kuwa vumbi au mvuke kidogo tu wa resini mbichi unaweza kumrudishia ukurutu usoni. Kwa fundi anayelisha watoto kwa kazi hiyo, huku ni kupoteza shamba. Ndiyo maana hoja ya kwamba fulani ameitumia miaka mitano bila glavu na hajadhurika haina uzito. Mzio huja kwa kujirundika, na hakuna ajuaye zamu yake ni lini.

Dawa ya kugandisha epoksi inaweza kuunguza ngozi na macho, na mvuke wake unaweza kuchokoza mapafu na kuamsha pumu. Ile rangi ya 2K ambayo baadhi ya mafundi wamehama nayo kutoka kwenye magari hadi kwenye kabati na vitanda ina kemikali za isosianeti, ambazo zinajulikana duniani kote kuwa chanzo cha pumu ya kazini. Kuipuliza kwa mashine ndani ya nyumba ni jambo la kukataa moja kwa moja. Mwachie mwenye karakana, vifaa na mavazi yanayofaa.

Peroksidi ya kugandisha poliesta nayo ina hatari yake. Tone moja likiruka jichoni linaweza kuacha kidonda cha kudumu, na likikaa bila kuoshwa linaweza kupofusha. Aidha, peroksidi hiyo isichanganywe moja kwa moja na ile dawa ya kobalti ya kuharakisha poliesta, kwani zikikutana zenyewe zinaweza kulipuka. Anayekuuzia vitu hivi viwili bila kukueleza hayo hakutendei haki.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2018 jopo lake liliiweka staireni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Sisemi haya ili mtu atupe randa yake. Hatari hutegemea kiasi na muda. Meza moja haikuui, lakini kupiga msasa kila jioni katika chumba kisicho na hewa, mwaka baada ya mwaka, ni jambo lingine.

Jiko na thina

Sasa turudi kwenye baridi. Resini haipendi baridi. Epoksi nyingi zimetengenezwa kugandia penye joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi, na usiku wa Julai katika miji ya Mlima Kenya joto hushuka mbali chini ya hapo. Resini inakuwa nzito kama asali iliyoganda, haichanganyiki vizuri, inajaa mapovu, na asubuhi bado inanata. Fundi wa nyumbani ana oda ya Jumamosi. Anafanya nini? Anafunga madirisha na kuwasha jiko. Mwingine anaongeza dawa ya kugandisha, au anatia thina ili resini iwe nyepesi.

Kila moja ya hatua hizo ni kosa, na zikikutana ni maafa. Jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kila msimu wa baridi magazeti ya nchi hii huandika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mvuke wa thina huleta dalili hizo hizo. Basi mtu aliyekuwa akifanya kazi na gundi hujiambia kuwa ni gundi tu, itaisha, ngoja nilale kidogo. Anapolala, jiko bado linawaka.

Hatari ya pili ni moto. Thina nyingi zina toluini au asetoni. Mvuke wa toluini unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 4 tu, na ule wa asetoni hata chini ya sufuri, kwa hivyo usitegemee baridi ya Nyeri ikukinge. Mivuke hii ni mizito kuliko hewa. Haipandi darini, hushuka na kutambaa sakafuni kama maji. Na sakafuni ndipo jiko lilipo, na ndipo mtoto anapotambaa. Kopo likiwa limefunguliwa upande mmoja wa chumba na jiko liko upande wa pili, mvuke utasafiri wenyewe hadi kwenye makaa na moto utarudi kwa njia ile ile.

Wapo watakaosema kuwa wana mtungi wa gesi wala si makaa. Mwali ni mwali. Mshumaa, kibiriti, sigara, hata cheche ya swichi mbovu, vyote vinatosha.

Kuna jambo lingine linaloniumiza moyo. Katika miji yetu tunawaona watoto wa mitaani wakiwa na chupa ya gundi mdomoni, nasi tunawakemea na kutikisa vichwa, tukijua kuwa mvuke ule unaharibu ubongo. Kisha tunakwenda nyumbani, tunafungua kopo la gundi ya namna hiyo hiyo katika chumba chenye mtoto mchanga, tunafunga dirisha, tunafanya kazi hadi saa nne usiku. Mapafu hayabagui. Hayajui kama mvuke umeingia kwa ulevi au kwa ufundi. Mama mjamzito hasa hapaswi kukaa katika nyumba yenye mvuke wa thina.

Maziwa si dawa

Imani moja imeenea sana kwa mafundi wa rangi na wa mbao: kwamba ukimaliza kazi, pakiti ya maziwa huosha kifua. Katika eneo hili la ng'ombe wa maziwa, ni rahisi kuipenda imani hiyo. Lakini maziwa huenda tumboni, na mvuke huenda mapafuni. Njia ni mbili tofauti. Maziwa ni chakula kizuri, yanywe kwa afya yako, ila usiyanywe badala ya kufungua dirisha. Ubaya wa imani hii ni kwamba humpa mtu ujasiri asiostahili.

Vivyo hivyo barakoa. Zile za kitambaa na za hospitali tulizozoea wakati wa korona, mwaka 2020 na uliofuata, hazizuii mvuke hata kidogo. Barakoa nzuri ya vumbi husaidia wakati wa kupiga msasa, lakini mvuke hupita kama upepo katika wavu. Kinachozuia mvuke wa thina na staireni ni kinyago cha mpira kinachobana uso, chenye vichujio vya mkaa maalumu vilivyoandikwa kuwa ni vya mivuke ya kemikali. Navyo huchakaa. Ukianza kusikia harufu ndani ya kinyago, vichujio vimekwisha kazi. Kinyago chenyewe hakizuii kaboni monoksidi ya jiko, kwa hivyo hakuna kifaa kitakachokuruhusu kukaa na makaa katika chumba kilichofungwa.

Chupa ya soda

Tembea katika maduka ya vifaa vya ujenzi na utaona jinsi wauzaji wadogo wanavyonunua mitungi mikubwa kisha wakapima kidogo kidogo. Sishangai. Mnunuzi wa nusu lita hana pesa za lita 5. Lakini nusu lita ile inatiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, haina jina, haina onyo, haina kipimo cha kuchanganya. Inafika nyumbani na kuwekwa dirishani. Mtoto wa miaka mitatu anajua chupa ya soda ni ya nini. Mgeni mwenye kiu usiku naye anajua.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka watengenezaji na wauzaji wa kemikali za hatari waziwekee lebo na kutoa maelezo ya usalama. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa afya na usalama wake. Kwa hivyo unapoomba lebo humwombi muuzaji fadhila. Unadai haki yako.

Hata hivyo, mkaguzi wa serikali anaweza kufika katika karakana ya jua kali. Hatagonga mlango wa chumba chako cha kulala. Huko mkaguzi ni wewe. Ukikosa kujikagua, hakuna atakayekukagua.

Fanya hivi

Mengi ya yanayohitajika hayana gharama, na yaliyo na gharama ni nafuu kuliko matibabu.

Kwanza, toa kazi nje. Baraza, kibanda cha mabati kisicho na kuta mbili, au stoo ya mbao yenye milango pande zote ni bora kuliko sebule yoyote. Kama mvua inakuzuia, subiri. Kama huna pahali pengine ila chumba kimoja unachoishi na familia, basi chagua ufundi mwingine usiohitaji kemikali, au ukodi nafasi kwa fundi mwenye karakana kwa siku unazomimina.

Pili, fuata jua. Katika miezi ya baridi, changanya na kumimina kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, wakati joto limepanda. Oda kubwa zipange Januari na Februari, ambapo jua letu ni la kuaminika. Mteja anayetaka meza Julai aambiwe ukweli kwamba itachukua siku nyingi zaidi.

Tatu, kama resini ni nzito, usiipashe kwenye jiko. Tia maji ya vuguvugu katika beseni, simamisha humo chupa zikiwa zimefungwa vizuri, uache kwa dakika kumi hivi, kisha pangusa chupa kabla ya kufungua ili maji yasiingie. Inatosha.

Nne, pima kama ilivyoandikwa. Epoksi nyingine ni moja kwa moja, nyingine ni mbili kwa moja, nyingine hupimwa kwa mizani. Kuzidisha dawa ya kugandisha hakuharakishi kitu. Kunaacha sehemu isiyoungana, nayo hubaki ikinata na kudhuru kila anayeigusa. Usichanganye nyingi katika kikombe kirefu. Joto lake likikosa pa kutokea, kikombe kinaweza kuyeyuka na kutoa moshi mchungu. Changanya kidogo, mimina mapema katika chombo kipana. Kikianza kuwaka mikononi mwako, kitoe nje taratibu na ukiweke juu ya mawe au mchanga.

Tano, funika ngozi. Tumia glavu za nitraili, si zile za mpira mwembamba wa kawaida ambazo thina hupenya upesi. Ukizichafua, zivue na utupe, usizifue. Vaa shati la mikono mirefu na miwani ya kinga inayofunika pande zote, hasa unapopima peroksidi. Miwani ya kusomea haitoshi.

Sita, usipige msasa kabla resini haijaiva kabisa, hata kama ukigusa unaona kavu. Vumbi la resini mbichi linabeba kemikali ile ile hadi ndani ya mapafu. Ngoja muda ulioandikwa na mtengenezaji, na katika baridi uuongeze. Ukipiga msasa, lowesha maji na uvae barakoa nzuri ya vumbi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Saba, usile, usinywe chai wala kuvuta sigara unapofanya kazi. Na sinia ulilolimwagia resini lisiwekewe sufuria inayotoka motoni, kwani resini nyingi hulegea kwa joto. Ubao wa kukatia nyama na mboga usipakwe resini, isipokuwa ile ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa inafaa kwa chakula baada ya kuiva.

Nane, mabaki. Vipande vya mbao vyenye resini, gundi au rangi havifai kuwa kuni. Moshi wake utaingia katika githeri na katika vifua vya waliozunguka moto. Resini iliyobaki, ichanganye na dawa yake igande kabisa kwanza, ndipo uitupe. Usiimwage majimaji katika choo cha shimo, katika sinki, wala katika mtaro unaoelekea Mto Chania au Sagana. Kuna watu wanaokunywa maji hayo chini ya mteremko.

Likitokea la kutokea

Resini ikikushika ngozini, ipanguse kwa karatasi au kitambaa kikavu, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Usitumie thina wala asetoni kunawa. Zinaiyeyusha resini na kuirahisishia kuingia ndani ya ngozi, huku zikiondoa mafuta yanayoilinda.

Ikiruka jichoni, usisugue na usimtafute mtu wa kupuliza. Kimbilia maji safi, fungua kope kwa vidole, na uoshe kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitalini hata kama maumivu yamepoa. Dakika ya kwanza ndiyo yenye kuokoa jicho, kwa hivyo ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chupa.

Mtu akimeza, usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta. Thina ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa zaidi. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na chupa yenye lebo, ili daktari ajue anapambana na nini. Hapa utaelewa thamani ya lebo ile uliyoidai dukani. Daktari hawezi kusoma chupa ya soda.

Mtu akizimia au kulegea katika chumba chenye jiko na mvuke, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, bila kuwasha taa wala kibiriti, halafu uite msaada kwa nambari 999 au 112. Na ukianza kuona vipele vinavyorudi kila unapofanya kazi hii, au kifua kinachobana usiku baada ya kazi ya mchana, acha kazi hiyo na umweleze daktari unashika kemikali gani. Wagonjwa wengi hawasemi, na daktari asipoambiwa atatibu ukurutu bila kujua chanzo.

Wajibu wa wengine

Hatuwezi kumwachia fundi wa nyumbani mzigo wote. Wauzaji wa jumla wangeweza kuchapisha vibandiko vidogo vya Kiswahili na kuwapa wapimaji pamoja na kila mtungi. Kibandiko ni karatasi tu. Kiseme jina, kipimo, onyo na hatua ya kwanza ya msaada. Serikali za kaunti zinazotoa leseni za biashara kila mwaka zingeweza kulifanya hilo kuwa sharti. Vyuo vya ufundi vya eneo hili, ambavyo hufundisha vijana useremala na rangi, vingefungua milango Jumamosi moja kwa wanaojifunzia nyumbani kupitia video za simu. Video hizo hutoka mara nyingi katika nchi ambako fundi ana gereji yenye feni ya kutoa hewa. Mtazamaji wa Karatina anaona rangi nzuri ikimiminwa, feni haioni.

Makanisa na vikundi vya akina mama, ambako ufundi huu unaenea kwa kasi, vina nafasi kubwa. Anayemfundisha mwenzake kutengeneza hereni na amfundishe pia kuvaa glavu. Somo moja lisitolewe bila la pili.

Najua kuna atakayesema kuwa haya ni mashauri ya wenye nafasi, na kwamba mwenye chumba kimoja hana baraza. Namheshimu, na sitamdanganya. Jibu langu ni kwamba faida ya meza moja hulipwa mara moja, ilhali mapafu ya mtoto anayelala katika chumba hicho hulipa kwa miaka. Kama nafasi haipo, vikundi vya mafundi wadogo viungane na kukodi kibanda kimoja chenye upepo. Watu wa Mlima Kenya wamejenga viwanda vya chai na vya kahawa kwa kuungana. Kibanda cha mabati hakiwezi kutushinda.

Kwa leo, mpenzi msomaji, anza na haya matatu: tafuta chupa zote zisizo na lebo nyumbani mwako uziandike jina au uziondoe, hamisha kopo la thina mbali na jiko na mbali na watoto, na jioni hii, hata kama manyunyu yanaanguka, acha dirisha wazi kidogo. Baridi ya usiku mmoja huisha kwa blanketi. Mvuke uliofungiwa ndani hauna blanketi.